Potasiamu ya mkojo na elektrodi: ushauri wa mtu aliyewahi kukosea

Namba iliyoniponza ilikuwa 4.4. Watu wa maabara wataelewa mara moja kwa nini hakuna aliyeshtuka. Potasiamu ya 4.4 kwenye damu ni namba nzuri kabisa. Mtu mzima huwa na kama milimoli 3.5 hadi 5.0 kwa lita, na jicho lililopitia majibu ya damu tangu asubuhi haliisimamii namba kama hiyo. Lakini ile haikuwa damu. Ulikuwa mkojo, nilioupima kwa pipeti na kuuzimua kwa mkono wangu, sehemu moja ya mkojo kwa sehemu tisa za dailuenti (maji maalum ya kuzimulia), kisha nikauingiza kwenye mashine iliyokuwa bado imewekwa upande wa seramu, yaani majimaji ya damu. Mashine haikuambiwa izidishe kwa kumi. Ikatoa ilichokiona. Nikaandika, nikatia sahihi, karatasi ikaenda.

Mgonjwa alikuwa mama wa miaka arobaini na kitu, muuza mitumba, mwenye presha. Alikuwa akilalamika kwamba miguu inamlegea akipanda ngazi. Potasiamu ya damu yake ilikuwa 2.6. Daktari aliomba potasiamu ya mkojo kwa sababu moja tu, kujua inapotelea wapi. Damu ikipungukiwa na potasiamu, figo zenye afya hubana mkono, na mkojo wa kubahatisha (unaochukuliwa mara moja tu, saa yoyote) kwa kawaida hutoka na chini ya milimoli 20 kwa lita. Hapo daktari anautafuta upotevu tumboni, kwa kuhara au kwa dawa za kuharisha. Lakini damu ikiwa haina na mkojo umejaa, basi figo zenyewe ndizo zinazomwaga, na msako unageukia dawa za kukojoza, homoni ya aldosteroni na magonjwa ya mirija ya figo. Ni njia panda. Jibu langu la 4.4 lilimpeleka daktari njia isiyo yake.

Mama wa watu akaulizwa habari za kuhara ambako hakuhara. Akaulizwa, kwa upole lakini akaulizwa, kama anakunywa dawa za kupunguza mwili kwa siri. Siku ya tatu daktari akanipigia simu. "Haiingii akilini," akasema. "Presha iko juu, tumbo halina neno. Ule mkojo bado unao?" Nilikuwa nao, umekaa kwenye friji, na kwa bahati potasiamu ya mkojo uliofunikwa na kuhifadhiwa kwenye baridi haibadiliki kwa siku chache. Nikaurudisha kwenye joto la chumba, nikauzimua upya, nikabonyeza upande wa mkojo. 44.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwaambia vijana wanaokuja kwetu kujifunza kazi kwamba mkojo usichukuliwe kama damu iliyopungua rangi. Ni sampuli yenye tabia zake, inataka maandalizi yake, kontroli yake (sampuli ya majaribio ambayo jibu lake linajulikana) na maswali yake. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili yao, na pia kwa ajili ya wewe uliyetumwa na daktari ukakusanye mkojo wa siku nzima bila mtu kukueleza vizuri unafanya nini na kwa nini.

Kinachotokea ndani ya elektrodi

Mzee aliyenifunza kazi alianzia kwenye mashine ya moto. Sampuli ilipulizwa kwenye mwali wa gesi, sodiamu ikang'aa manjano, potasiamu ikatoa zambarau hafifu, na kifaa kikapima nguvu ya mwanga huo. Alikuwa akituambia kwamba enzi hizo uliiona potasiamu kwa macho yako. Leo hatuioni. Tunaona namba kwenye kioo, na kwa sababu hiyo ni muhimu kujua namba hiyo inatoka wapi.

Namba hiyo inatoka kwa elektrodi, sehemu ya mashine inayoihisi potasiamu. Yenyewe ni kidude cha plastiki kisichozidi kidole gumba. Ndani yake mna maji ya chumvi ya kloridi ya potasiamu, na upande mmoja kuna utando mwembamba wa PVC, aina ya plastiki. Siri iko kwenye utando. Umetiwa valinomisini, kitu kilichopatikana kwa bakteria wa udongoni wa jamii ya Streptomyces na kutangazwa mwaka 1955. Molekuli yake ni pete, na nafasi ya katikati ya pete hiyo inaitosha ioni ya potasiamu barabara. Sodiamu ni ndogo, inapwaya humo, kwa hiyo haishikwi vizuri. Katika miaka ya 1960 Wilhelm Simon na wenzake kule Zurich walionyesha kwamba dutu hii ikitiwa kwenye utando inakupa kifaa kinachoichagua potasiamu na kuiacha sodiamu.

Potasiamu ya sampuli ikigusa utando, huzuka tofauti ya umeme kati ya elektrodi hiyo na elektrodi rejea, ile ya kulinganishia. Walther Nernst aliandika kanuni yake mwaka 1889. Kwenye joto la nyuzi 37, kila potasiamu ikiongezeka mara kumi, umeme huo hupanda kwa takriban milivolti 61.5. Soma sentensi hiyo mara mbili. Kutoka potasiamu ya 4 hadi ya 40 kuna milivolti sitini na kitu tu. Kwa hiyo kosa la milivolti 1 linasogeza jibu lako kwa karibu asilimia 4, na milivolti 2 kwa karibu asilimia 8. Milivolti 1 si kitu kikubwa. Kiputo kimoja cha hewa kilichojibanza nyuma ya utando kinaitoa. Sampuli iliyotoka kwenye friji sasa hivi inaitoa. Ukiona kalibresheni (kuisawazisha mashine kwa vimiminika vya kiwango kinachojulikana) inayumba, kabla hujaagiza elektrodi mpya, itoe ya zamani, iinue kwenye mwanga, uangalie. Mara nyingi nimekuta kiputo kidogo kama kichwa cha sindano. Unaigonga kwa ukucha, utando ukiwa chini, kiputo kinapanda juu, unairudisha, na kazi inaendelea.

Mwili hulinda damu kama mboni ya jicho. Sodiamu inazunguka 140, potasiamu inazunguka 4, asidi haisogei sana kutoka pH 7.4. Kalibresheni za mashine zetu zimejengwa karibu na namba hizo. Mkojo hauna nidhamu hiyo. Leo una potasiamu ya 15, kesho 110. Sodiamu inaweza kuwa 10 au 220. pH inacheza kati ya 4.5 na 8. Ukiuingiza hivyo hivyo kwenye mashine ndogo zinazopima moja kwa moja bila kuzimua, unaiuliza elektrodi kitu ambacho hakimo katika eneo lililosawazishwa. Dailuenti ndiyo inayouteremsha mkojo hadi mahali elektrodi inapopafahamu, na kuupa chumvi za kutosha ili elektrodi rejea itulie. Ndiyo maana haifai kuzimua kwa maji matupu ya distila. Najua inafanyika, hasa dailuenti ikiisha na muuzaji akisema mzigo uko njiani. Maji hayana chumvi, na ukizimua nayo unabadilisha kiasi na mazingira ya kipimo kwa pamoja, kisha hujui ni lipi lililosogeza jibu.

Mashine kubwa zinazozimua zenyewe zina unafuu hapo, kwa kuwa binadamu hashiki pipeti. Lakini hata hizo unaziambia kwamba hii ni sampuli ya mkojo. Usipoziambia, yatakupata yaliyonipata.

Moja kwa kumi ni ngapi?

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo penye makosa mengi kuliko popote, na ni makosa ambayo mashine haiyaoni.

Mwambie kijana azimue "moja kwa kumi". Mmoja atachukua mkojo 100 na dailuenti 900. Mwingine atachukua mkojo 100 na dailuenti 1,000. Wote wawili wamekuelewa, kila mtu kwa namna yake. Wa kwanza amezimua mara kumi, wa pili mara kumi na moja, na wote watazidisha kwa kumi. Majibu ya wa pili yatakuwa chini kwa asilimia 9 kila siku, na hakuna atakayejua. Kwetu tumeacha kabisa kutumia uwiano kwa maneno. Juu ya benchi kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: mkojo 100, dailuenti 900, jumla 1,000. Na usikopi namba zangu. Kila mashine ina uwiano wake kwenye kitabu chake, nyingine hutaka sehemu moja kwa mbili tu. Fungua kitabu cha mashine yako, uandike maikrolita, si uwiano.

Usizimue kiasi kidogo mno ili kubana matumizi. Mkojo wa maikrolita 20 ukikosea kwa 2, umekosea asilimia 10. Mkojo wa 100 ukikosea kwa 2 hizo hizo, ni asilimia 2. Lowesha ncha ya pipeti kwanza kwa sampuli yenyewe, ifute nje kwa tishu bila kugusa tundu, kisha geuza kichupa juu chini mara kadhaa kabla ya kuweka kwenye mashine. Dailuenti na mkojo havichanganyiki kwa kutazamwa.

Ukitaka kujua mkono wako unazimuaje, kuna jaribio nililofundishwa na yule mzee nami nalifanya kila miezi michache. Kausha kloridi ya potasiamu, pima gramu 3.73. Pima na kloridi ya sodiamu gramu 5.84. Yeyusha zote mbili kwenye maji ya distila, ujaze hadi lita 1 kamili kwenye chupa ya kipimo. Umepata potasiamu ya 50 na sodiamu ya 100. Sasa izimue kama mkojo, ipime upande wa mkojo, mara tano, kila mara uzimue upya. Zikija 49, 50, 50, 51, 50, mkono wako mzuri na mashine yako nzuri. Zikija 46, 53, 49, 55, 47, tatizo ni pipeti au ni wewe. Zikija zote 45, 45, 46, 45, 45, basi kuna kitu kilichosimama mahali pasipo pake, na mimi ningeanza kwa kuangalia uwiano. Jaribio hili halichukui nafasi ya kontroli ya kununua, lakini limenifichulia mambo ambayo kontroli ya seramu isingeweza kuyaonyesha.

Kontroli ya seramu nayo nina neno nayo. Maabara nyingi ndogo hupitisha kontroli ya seramu asubuhi, ikikubali wanaona mashine iko sawa, na mkojo ukija saa sita wanaupima kwa imani hiyo. Kontroli ya seramu haijazimuliwa. Haijapita upande wa mkojo. Haijafika kwenye potasiamu ya 60 wala 100. Inakuambia elektrodi inafanya kazi, haikuambii safari nzima ya mkojo iko salama. Nunua kontroli ya mkojo ya viwango viwili. Naujua ugumu wa bei, nimeandika maombi hayo kwa wakuu zaidi ya mara moja na nimekataliwa. Mkikosa kabisa, basi msitoe kipimo hicho siku hiyo, mkipeleke maabara yenye nayo.

Kuna jambo jingine linaloniumiza roho, nalo ni la kujaza upya pakiti za vitendanishi (kemikali za mashine) kwa mchanganyiko wa kienyeji ili kuokoa pesa. Nimelikuta mahali nilipowahi kufanya kazi. Kalibresheni zilipita, kwa kuwa mashine inajisawazisha kwa hicho hicho unachoipa na kuamini kwamba ndicho kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukiidanganya kalibresheni, kila mgonjwa wa siku hiyo amedanganywa.

Kabla mkojo haujafika kwenye mashine

Julai ya Nairobi inajulikana kwa baridi. Mkojo uliokaa kwenye friji, au hata uliosafiri asubuhi na boda kutoka Kayole, unafika umeota ukungu mweupe au wa waridi. Ni chumvi zilizoganda kwa baridi. Uache ufike joto la chumba, uchanganye, kisha upitishe kwenye sentrifuji (mashine ya kuzungusha hadi mashapo yatulie chini) uchukue wa juu. Si kwamba fuwele zinameza potasiamu yako, bali zinaziba vijirija vyembamba vya mashine, na kamasi za mkojo hufanya vibaya zaidi, kwa kuwa hujivuta kama uzi na kukaa juu ya utando. Baada ya mikojo, osha kwa dawa ya kusafishia, pitisha kontroli ya seramu, ndipo urudi kwenye damu. Mimi huiweka mikojo mwisho wa foleni, isipokuwa ya dharura.

Stima ikipotea na kurudi, usikimbilie sampuli. Betri ya akiba huokoa mashine, lakini kama ilizima kabisa, ipe muda ipate joto lake, fanya kalibresheni, pitisha kontroli, utazame pia mteremko wa elektrodi, yaani zile milivolti zinazopanda potasiamu ikiongezeka mara kumi, kama bado uko ndani ya mipaka ya mtengenezaji. Mteremko unaoshuka wiki hadi wiki ni utando unaozeeka. Andika namba hiyo kila asubuhi kwenye daftari hata kama mashine inaitunza yenyewe. Ukiiandika kwa mkono utaiona inavyoshuka.

Chupa. Tafadhali, chupa. Wagonjwa huleta mkojo kwenye chupa za soda, za maji, za juisi, na wengi huziosha kwa bidii kwanza, maana hakuna anayetaka kuonekana mchafu mbele ya watu wa hospitali. Bidii hiyo ndiyo inayotuharibia. Baadhi ya dawa za kuua viini na za kulainisha nguo zina kemikali za jamii ya benzalkoniamu, na hizo huingia kwenye utando wa elektrodi na kuifanya isome visivyo. Mpe mgonjwa chupa safi ya maabara mkononi. Ni shilingi chache.

Na kama daktari ameagiza kipimo kingine kinachotaka asidi ndani ya chupa, kalsiamu kwa mfano, usiipime potasiamu humo. Ioni za asidi zina mwendo wa kasi na huvuruga umeme wa elektrodi rejea. Omba chupa ya pili, au gawa mkojo kabla ya kutia asidi. Mkojo uliokaa juani bila baridi nao ukataliwe, kwa kuwa kuna bakteria wanaogeuza urea kuwa amonia, na valinomisini, pamoja na sifa zake zote, humwona amoniamu kama ndugu wa mbali wa potasiamu.

Kwa wewe unayekusanya mkojo wa saa 24

Najua inavyokuwa. Unaishi kwenye ploti, choo ni cha watu wa vyumba kumi, na sasa unapewa chupa ya lita tatu uende nayo nyumbani. Au uko sokoni tangu saa kumi na moja alfajiri, utaibebaje? Huwa nawaambia kina mama: chagua siku ambayo uko nyumbani, usijilazimishe siku ya kazi. Wengi huanza Jumapili asubuhi na kuleta Jumatatu asubuhi.

Unapoamka, mkojo wa kwanza uumwage. Huo ni wa jana. Andika saa, tuseme saa moja asubuhi. Kuanzia hapo kila tone liingie chupani, mchana na usiku, ukitumia kopo safi kavu na kumimina. Ukienda haja kubwa, kojoa kwanza kwenye kopo. Kesho yake saa moja asubuhi, kojoa tena, na huo uingie ndani. Hapo umefunga. Kama huna friji, iweke chupa ndani ya ndoo ya maji baridi, kivulini, ubadilishe maji mara mbili tatu. Ukisahau mara moja ukakojoa chooni, usijaze maji kufidia, wala usinyamaze. Tuambie tu. Hakuna atakayekugombeza, na kama yupo wa kukugombeza, huyo ndiye mwenye kosa.

Sisi tutajua hata hivyo, angalau mara nyingi, kwa kreatinini, taka ya misuli inayotoka kwa mkojo. Mwanamke mzima hutoa kwa siku takriban miligramu 15 hadi 20 za kreatinini kwa kila kilo ya mwili, mwanamume 20 hadi 25. Mama wa kilo 60 anatarajiwa kutoa kati ya 900 na 1,200. Nikipata 400, zaidi ya nusu ya mkojo ilibaki kwingine, na potasiamu nitakayoandika itakuwa chini ya nusu ya kweli.

Kwa wenzangu: pimeni ujazo wote kabla ya kumwaga, na mtikise chupa kabla ya kuchota. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Potasiamu ya 38 kwa lita mara lita 1.45 ni milimoli 55 kwa siku. Watu wazima wengi huangukia kati ya 25 na 125, kutegemea walichokula.

Mkojo wa kubahatisha hauna kiwango cha kawaida, na hukera kuona karatasi iliyochapishwa kiwango pembeni kana kwamba kipo. Mtu aliyekunywa maji mengi ana mkojo mwepesi, potasiamu inaonekana ndogo. Ndiyo maana unapima na kreatinini ya mkojo huo huo, kisha unagawanya. Kwa mgonjwa mwenye upungufu, potasiamu ikigawanywa kwa kreatinini, zote kwa milimoli, ikazidi karibu 1.5, figo zinatiliwa shaka. Yule mama alikuwa na 44 kwa kreatinini ya 8, yaani 5.5. Ningeihesabu siku ile ile kwa ile 4.4 ningepata 0.55, nayo ingekuwa mbaya vile vile, kwa hiyo hesabu haikuokoi na uzembe wa kuzimua. Na madaktari, chukueni damu na mkojo wakati mmoja, kabla mgonjwa hajaanzishiwa vidonge vya potasiamu, mkaandike kwenye fomu dawa anazokunywa. Kidonge cha presha chenye kukojoza kinabadilisha maana ya namba yote.

Baadhi ya watu huniuliza kwa nini nahangaika na kipimo kisichoagizwa mara nyingi. Mimi huwakumbusha kwamba mji huu una historia nacho. Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti uliowafuata Wajaluo waliohamia Nairobi kutoka vijijini magharibi mwa Kenya, ukawalinganisha na waliobaki nyumbani. Presha za waliohamia zilikuwa juu kuliko za wenzao, na kwenye mkojo wao uwiano wa sodiamu kwa potasiamu ulikuwa umepanda. Chumvi iliongezeka sahanini, na vyakula vyenye potasiamu vikapungua. Sehemu kubwa ya potasiamu tunayokula hutoka kwa mkojo, kwa hiyo chupa ya saa 24 inasimulia sahani ya mtu kwa ukweli kuliko yeye mwenyewe anavyokumbuka. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau miligramu 3,510 za potasiamu kwa siku, yaani karibu milimoli 90. Maharagwe, nduma, ndizi, parachichi na sukuma wiki tunavyo, ilimradi ukichemsha mboga usimwage supu yake. Lakini mwenye ugonjwa wa figo asianze kuvila kwa wingi kwa kusoma hapa. Kwake potasiamu ikizidi ni hatari, aongee na daktari wake kwanza.

Kuhusu jibu lililokosewa: likitoka, usilibadilishe kimyakimya kwenye mfumo. Mpigie daktari wewe mwenyewe, toa karatasi mpya yenye neno "limesahihishwa" pamoja na namba ya zamani na mpya, uandike sababu. Nilifanya hivyo mchana ule ule. Kisha nikaomba ruhusa ya kumwona mama. Nilimwambia, "Mama, lile jibu la kwanza nililikosea mimi. Maswali uliyoulizwa yalitokana na kosa langu." Akanitazama kitambo. "Kwa hivyo sikuwa naharisha," akasema. "Hapana, mama, hukuwa." Akafungua mkoba, akaiweka ndani ile chupa ya lita tatu niliyompa.

Jumatatu aliirudisha, imefungwa kwenye leso, saa ya kuanza na ya kumaliza zimeandikwa kwa peni juu ya kipande cha plasta. Mililita 1,620. Kreatinini ilitosha kwa uzito wake, kwa hiyo alikuwa amekusanya wote. Nikaitikisa chupa, nikachota, nikazimua mara mbili kwa vichupa viwili tofauti, nikabonyeza upande wa mkojo, nikatazama tena kwamba nimebonyeza. 46 na 46. Milimoli 75 kwa siku, kwa mtu ambaye damu yake asubuhi hiyo ilikuwa 2.7. Nilimpigia daktari kabla karatasi haijatoka kwenye printa, na wiki hiyo akatumwa kupimwa aldosteroni.